Somo la Historia: Majina ya Viungo vya Kompyuta

Fungueni madaftari yenu. Leo tutaeleza majina ya viungo vya kompyuta yametoka wapi. Tutaanzia pwani yetu, Bagamoyo na Pangani, maana pwani hii imezoea kupokea vitu vigeni pamoja na majina yake.

Maneno kalamu na karatasi yametoka kwa Waarabu. Wareno, ambao merikebu zao zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, walituachia meza na kasha. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao makuu yao mpaka mwaka 1891, na neno shule ni lao. Leo nani atasema kwamba meza si Kiswahili?

Sasa tuje kwenye kompyuta. Ya kwanza katika Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kwa miaka mingi watu wengi hawakuiona. Marufuku ilipokwisha, mitambo ikaja kwa wingi, na majina yake kwa Kiingereza. Hapo ndipo penye shida. Asiyejua jina la kitu huogopa kukigusa. Na fundi akimwambia kimeharibika, hulipa fedha bila kujua amelipia nini.

Basi, andikeni maneno haya.

Kibodi ni ubao wenye vitufe vya herufi na tarakimu. Jina hili tumelipokea kutoka Kiingereza, kama tulivyopokea meza kwa Wareno.

Kipanya ni kifaa kidogo cha mkononi cha kuelekezea. Mfano ni wa wageni, neno ni letu. Kipanya cha kwanza kilikuwa na waya kama mkia.

Kioo, au skrini, ndipo tunaposoma. Printa huchapa maandishi juu ya karatasi.

Kichakataji ndicho kifanyacho hesabu zote. Jina hili wakulima wa mkonge watalifahamu upesi. Mwaka 1893 mkonge ulipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na watu wa mashambani wakazoea kusema kuchakata mkonge: jani linaingia, nyuzi zinatoka. Kichakataji nacho hupokea tarakimu, kikatoa majibu.

Kumbukumbu ni za namna mbili. Ya muda hushika kazi unayoifanya sasa, na umeme ukikatika hupotea yote. Ya kudumu, kama diski, huweka kazi kama kasha liwekavyo nguo. Kwa hiyo hifadhi kazi yako mara kwa mara.

Wenzetu wa Kenya hufundisha shuleni neno tarakilishi, lenye asili ya tarakimu. Tanzania twasema kompyuta. Yote mawili ni Kiswahili.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za kompyuta kwa Kiswahili, ziitwazo Jambo OpenOffice. Lugha yetu, basi, haikushindwa na mtambo huu, na mtu mzima asishindwe nao.

Maswali ya darasani:
1. Taja maneno mawili tuliyopata kwa Wareno.
2. Kwa nini kichakataji kinafanana na mtambo wa mkonge?
3. Umeme ukikatika, kazi gani hupotea, na ipi hubaki?

Jibuni pamoja na mwalimu wenu. Kwa herini mpaka juma lijalo.