Stima Bila Nguzo

Ukitaja stima Kenya, wengi wetu tunawaza nguzo. Ni historia iliyotuzoesha. Mwaka 1922 kampuni ya umeme ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana kuwa East African Power and Lighting, mzazi wa Kenya Power ya leo. Nyaya zilifuata ofisi, viwanda na mitaa ya wenye pesa. Kijijini kulibaki koroboi, hata baada ya uhuru. Kabla ya 2015, kuunganishiwa stima kulikula shilingi 35,000, ndipo serikali ikashusha hadi 15,000.

Paneli za sola nazo zilikuwepo tangu miaka ya 1980, ila ulilipa zote keshi. Kilichobadilika ni namna ya kulipa. M-Pesa ilikuja 2007, na 2012 M-KOPA ikaingia sokoni: ulitoa malipo ya kwanza, kisha wakati huo shilingi 40 hivi kila siku kwa simu. Pesa iliyokuwa ikiishia kwenye mafuta taa ikaanza kununua mtambo. Baada ya mwaka hivi, mtambo ulikuwa wako.

Kwangu, jua halikuleta mapinduzi haya. Mkopo ndio ulioyaleta. Na mkopo una meno: usipolipa, kampuni inakuzimia taa ikiwa mbali, kupitia laini ya simu iliyomo ndani ya kisanduku. Nguzo imeondoka, lakini swichi bado anaishika mwingine. Tofauti ni moja, nayo si ndogo: deni la sola lina mwisho. Bili ya nguzo haina.