Wekundu wa Mawese

Msomaji, ukipata kufika sokoni Kigoma, utayaona mafuta mazito yaliyotiwa chupani, mekundu kama tofali. Hayo ndiyo mawese, yatokayo katika nyama ya tunda la mchikichi. Machikichi huchemshwa, hutwangwa kinuni, kisha mafuta huenguliwa. Kazi hiyo ni ya kale sana katika nchi ya Kongo, ambako mawese yalikuwa kitoweo, dawa na bidhaa.

Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilipatana na William Lever, Mwingereza aliyetajirika kwa sabuni, ikampa haki ya michikichi katika maduara matano ya Kongo, kila moja likienea kilometa 60 kila upande kutoka kitovuni. Kitovu kimoja kilikuwa Lusanga, pakaitwa Leverville. Watu waliokwea michikichi kwa ajili ya vyungu vyao sasa walishurutishwa, kwa kodi na kwa nguvu, kuikwea kwa ajili ya viwanda. Mwaka 1931, bei ya machikichi ilipokuwa imeanguka huku kodi ikidaiwa vilevile, Wapende waliasi. Waliuawa kwa mamia.

Nacho kilichokuwa kikichukuliwa ni nini hasa? Mwaka 1930 mtaalamu Thomas Moore wa Cambridge alikwisha kuonyesha, kwa kuwalisha panya, kwamba rangi iitwayo karotini hugeuka vitamini A mwilini. Mawese yamejaa rangi hiyo. Mtoto aikosaye vitamini A huanza kwa kutoona gizani, na hatimaye huweza kupofuka kabisa. Tena karotini haiingii vema mwilini pasipo mafuta, nayo katika mawese imekwisha kuchanganyika nayo. Walakini wenye viwanda vya sabuni na majarini hawakuutaka wekundu huo. Waliyapausha mafuta, na karotini ikapotea.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Mafuta mengi tunayopikia Kenya hutoka katika tunda lilo hilo, huletwa kutoka Malaysia na Indonesia, nayo yamekwisha kusafishwa hata hayana wekundu. Tangu 2012 sheria yetu huwataka watengenezaji watie vitamini A katika mafuta ya kupikia. Itafute katika kibandiko cha chupa ya kwenu. Sisemi mawese yatumiwe pasipo kiasi, kwa maana karibu nusu yake ni mafuta ya aina igandayo, ambayo yakizidi huongeza kolesteroli katika damu. Kijiko kimoja katika sufuria ya maharagwe chatosha, wala usiyachome mpaka yakawa meupe.