Maji ya Butembo na Beni: satelite inaona ziwa, haioni Kimemi

Satelite za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 zinapiga picha za Kivu ya Kaskazini kila siku 5 hivi, na picha hizo ni za bure. Kwa ziwa Edouard zinasaidia sana: zinaonyesha pahali maji yamegeuka kijani ao yamejaa udongo. Zinafuata pia Semuliki, mto unaotoka ziwani kule Ishango na kupita eneo la Beni kuelekea ziwa Albert, pale unapokula kingo zake. Mawingu yakifunika, basi, picha haina kazi.

Shida iko kwa Kimemi, mto unaokata muji wa Butembo. Nukta moja ya picha ni metre 10 kwa 10. Mto mwembamba unapotelea humo pamoja na majani, nyumba na takataka za kando.

Kwa hiyo lazima mtu ashuke mtoni na chupa. Umoja wa Mataifa unaomba vipimo 5: oksijeni, chumvi, ukali wa maji, azoti na fosfori. Mavi na mbolea vinajionyesha hapo. Vijidudu vya kipindupindu hapana, hivyo vinataka maabara. Kupima mara moja hakutoshi. Ni pahali palepale, wakati wa mvua na wa kiangazi, tarehe ikiandikwa.

Sheria ya maji ya Kongo iko tangu tarehe 31 desemba 2015. Lakini bila daftari ya vipimo, anayemwaga uchafu mtoni atakana tu.