Asili ya Neno Kanisa

Katika mwaka wa jubilei huhesabiwa majengo: hili lilijengwa lini, lile liliezekwa lini. Ni vema. Walakini kabla ya kuhesabu, yafaa tujue maana ya neno tulisemalo kila Dominika.

Neno kanisa tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata katika Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana wetu Yesu Kristu. Asili yake ni kukusanya. Basi maana ya kwanza si nyumba, bali ni mkutano wa watu. Jina la jengo lilifuata baadaye. Ndiyo sababu Mtume Paulo, awaandikiapo Warumi, hulisalimu kanisa lililo nyumbani mwa Priska na Akila.

Liko na neno la pili, lenye mafundisho makubwa. Wareno walipotawala pwani walisema igreja, yaani kanisa. Neno hilo latoka katika Kigiriki, na huko pia maana yake ni mkutano wa watu walioitwa. Mwaka 1593 walianza kujenga ngome ya Mombasa, na ndani yake walikuwa na kanisa. Mwaka 1698 Waarabu wa Omani wakaitwaa ngome ile. Na Unguja wakajenga ngome yao mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kwa lile neno la Kireno, Waswahili wakaziita ngome gereza. Baadaye zikafungiwa watu. Ile ya Mombasa ilikuwa kifungo cha serikali toka mwaka 1895 hata 1958.

Tazameni basi: maneno mawili, maana moja. Moja lilibaki na watu, nalo ni kanisa. Jingine lilibaki na kuta tupu, likawa gereza.

Huku kwetu, Jimbo la Maswa lilipewa jina la Shinyanga mwaka 1956, na mwaka 2012 Bariadi ikawa makao ya mkoa mpya wa Simiyu. Majina yamegeuka, mkutano haukuvunjika. Kigango kisalicho chini ya mti ni kanisa kweli. Bali palipo na kuta nzuri, na maskini hakaribishwi, na ndugu hawasemezani, hapo neno laanza kurudi katika njia ya gereza.

Walimu, wafundisheni watoto jambo hili. Nanyi wazee, mkichanga fedha za mabati na saruji, ulizeni kwanza: ni nani asiyeonekana tena kati yetu? Mwendeeni huyo, naye ni sehemu ya jengo.