Madogo wawili wa mkono wa kushoto, na mpira usiotaka kunyooka

Wadau, kama umewahi kuiona muvi ya Bull Durham ya mwaka 1988 utamkumbuka yule dogo Nuke aliyechezwa na Tim Robbins. Mkono wa moto, anarusha mpira kama risasi, ila hajui unaenda wapi. Kuna wakati mpira unampata yule jamaa anayevaa vazi la kikatuni la timu. Watu tunacheka. Mimi mwenyewe nilicheka sana tu.

Baadaye ndo nikaja kujua kwamba Ron Shelton, aliyeiandika na kuiongoza ile muvi, alishawahi kucheza besiboli kwenye timu za chini za Baltimore Orioles, na kule alikuta wachezaji bado wanasimuliana habari za jamaa mmoja aliyepita kabla yao. Dogo wa kwenye muvi alitokana na huyo jamaa. Sasa habari zake za kweli hazichekeshi kivile. Jina nitalitaja tukifika, maana nataka kwanza nianze na mwenzake. Hawa wawili wote walirusha kwa mkono wa kushoto, wote walikuwa na kasi ya kutisha, wote walishindwa kuuelekeza mpira kwa miaka, na wote mambo yao yaliamuliwa kambini Florida, mwezi wa tatu, kwa kupishana miaka miwili tu.

Kwanza tuwekane sawa, maana najua wengi wetu besiboli tunaionea kwenye muvi. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18 na kidogo kutoka alipo mpigaji. Inabidi apitishe mpira juu ya kibao kilicholala chini, upana wake inchi 17 tu, na mpira usishuke chini ya magoti wala usipande juu ya kifua. Akipitisha hapo mpigaji akakosa, hiyo ni straiki. Straiki tatu, mpigaji anatoka. Akirusha pembeni na mpigaji akauacha, hiyo ni boli, na boli nne zinampa mpigaji ruhusa ya kutembea taratibu mpaka kituo cha kwanza bila kutoa jasho. Ukiwatembeza wanne mfululizo umeshawapa wapinzani pointi, na hakuna aliyegusa mpira hata mara moja. Fikiria aibu yake.

Halafu kuna kambi. Kila mwaka kuanzia Februari timu zinakimbia baridi, zinaenda Florida au Arizona kujiandaa na msimu. Mechi za kule hazihesabiwi kwenye msimamo wa ligi. Ila kwa kijana asiye na namba ndo mechi kubwa kuliko zote, maana hapo ndo kocha anaamua nani anapanda na timu kubwa na nani anarudishwa chini.

Haya. Wa kwanza alizaliwa Brooklyn, New York, Desemba 1935. Chuo alikuwa anacheza kikapu, besiboli ilikuja kama jambo la pembeni. Mwisho wa mwaka 1954 timu ya nyumbani, Brooklyn Dodgers, ikamsajili kwa dola 14,000 za usajili na mshahara wa dola 6,000. Hapa ndo kuna kitu ambacho mimi naona watu wanakipita haraka. Enzi hizo kulikuwa na sheria kwamba timu ikimpa kijana zaidi ya dola 4,000 kwa jumla, lazima imweke kwenye kikosi kikubwa miaka miwili. Hairuhusiwi kumpeleka timu za chini akajifunze. Nia ilikuwa kuzuia timu tajiri zisikusanye vijana wote. Matokeo yake dogo wa miaka 19 akakaa benchi akiwaangalia watu wazima wanacheza, na ili apatiwe nafasi kuna mrushaji mwingine akashushwa. Huyo aliyeshushwa anaitwa Tommy Lasorda, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa kocha mkuu wa timu hiyohiyo.

Msimu wake wa kwanza dogo alicheza mechi 12 tu. Akipewa mpira anataka kuwaonyesha kwamba anastahili, kwa hiyo anarusha kwa nguvu zote. Mpira unapotea. Anaambiwa atulie. Anarusha kwa nguvu zaidi. Mwaka 1958 timu ikahamia Los Angeles, akahama nayo, na tatizo nalo likahama. Mwaka 1960 aliwatembeza wapigaji 100 ndani ya raundi 175. Jumla ya miaka sita: ameshinda 36, amepoteza 40. Inasimuliwa kwamba msimu ule ulipoisha alitupa viatu na glavu zake kwenye pipa la taka, na mtunza vifaa wa timu ndo akaviokota akaviweka mpaka mwaka uliofuata.

Machi 1961 akarudi kambini, ana miaka 25. (Mimi ndo umri wangu huu, kwa hiyo hapa huwa nasoma taratibu.) Siku moja wakapelekwa wachache Orlando kucheza mechi ya kikosi cha pili dhidi ya Minnesota Twins. Mdakaji wake siku hiyo alikuwa Norm Sherry, mchezaji wa akiba ambaye wengi hata hawamkumbuki. Mechi ikaanza vilevile: wapigaji wa mwanzo wakatembea, mpira juu, mpira chini, na dogo akikasirika anaongeza nguvu. Sherry akamfuata pale kwenye kichuguu. Alichomwambia hakikuwa cha kitaalamu hata kidogo. Punguza nguvu kidogo, waache waupige, leo hatuko wengi hapa, ukiendelea hivi tutakesha.

Akapunguza. Alirusha raundi saba bila kuruhusu pigo hata moja. Na Sherry, aliyekuwa anaudaka ule mpira kwa mkono wake, akagundua kitu cha ajabu: ulikuwa unafika kwa kasi kuliko alipokuwa analazimisha.

Huyo ni Sandy Koufax. Mwaka huohuo alishinda mechi 18 na kuwatoa wapigaji 269 kwa straiki, rekodi ya ligi yake wakati ule. Mwaka 1963 alirusha raundi 311 na kutembeza watu 58 tu. Alichukua tuzo ya mrushaji bora mara tatu, akastaafu mwaka 1966 akiwa na miaka 30 kwa sababu ya kiwiko, na mwaka 1972 akaingizwa kwenye jumba la magwiji, kijana kuliko wote waliowahi kuingia. Hayo yote yapo kila mahali, sikai sana hapo.

Sasa wa pili.

Steve Dalkowski alizaliwa New Britain, Connecticut, Juni 1939. Ukimuona usingemdhania: urefu wa kawaida, mwili wa kawaida, amevaa miwani. Mwaka 1957 alipomaliza shule Orioles wakamsajili kwa dola 4,000, yaani palepale kwenye mstari wa ile sheria, haikuvukwa. Kwa hiyo yeye hakukaa benchi la timu kubwa. Alipelekwa chini kabisa, Kingsport, Tennessee.

Shikilieni viti. Ndani ya raundi 62 aliwatoa kwa straiki wapigaji 121. Ni namba ya kichaa hiyo, karibu wawili kila raundi. Na aliwatembeza 129. Kuna mechi moja aliwatoa watu 24 na bado akapoteza, maana aliwatembeza 18. Msimu uleule mpira wake ulimpiga mpigaji mmoja kichwani ukamjeruhi sikio, na waliokuwa naye wanasema tangu siku hiyo aliogopa kurusha karibu na mtu. Jambo hili watu wanaopenda kusimulia vituko vyake hawalisemi sana.

Kila mtu alitaka kumtengeneza. Mwaka 1958 walimpeleka kituo cha jeshi Aberdeen, Maryland, wakampima kasi kwa mashine ya jeshi. Alikuwa amecheza jana yake, hakuna kichuguu, anarusha kutoka ardhi tambarare, na mpira lazima upite kwenye kieneo kidogo ili mashine iusome. Ilimchukua kama dakika 40 mpaka mmoja ukapita vizuri. Maili 93 na nusu kwa saa, yaani kilomita 150, mkono ukiwa umeshachoka. Mwaka 1960 akiwa Stockton, California, aliwatoa wapigaji 262 na kuwatembeza 262. Hapana sijakosea kuandika, namba ni ileile.

Mwaka 1962 akapelekwa Elmira, New York, akamkuta kocha kijana anaitwa Earl Weaver. Weaver aliona jambo rahisi: huyu dogo kila kocha amemwongezea maelekezo juu ya maelekezo, sasa akipanda kwenye kichuguu kichwa kimejaa. Akayafuta. Akamwachia mitupo miwili tu, akamwambia apunguze nguvu kidogo, mengine aache. Yaani karibu maneno yaleyale ya Norm Sherry kule Orlando. Msimu ule alirusha raundi 160 na kutembeza watu 114. Kwa mtu mwingine hiyo ni mbaya bado. Kwake ilikuwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii kutembeza watu wachache kuliko raundi alizorusha. Mwishoni mwa msimu mpira ulikuwa unapita anapotaka.

Machi 1963, kambi ya Orioles, Miami. Safari hii ilikuwa inaeleweka kwamba ameiva, anapanda na timu kubwa. Alishapimwa mpaka jezi. Jioni wakacheza na New York Yankees. Katikati ya mechi kiwiko chake kikaachia. Wapo wanaosema ilikuwa kwenye mtupo wake wa kupinda, wapo wanaosema aliokota mpira mfupi akaurusha vibaya kituo cha kwanza. Vyovyote vile, ile kasi haikurudi tena. Alihangaika timu za chini mpaka mwaka 1965, na mechi ya ligi kuu hakucheza hata moja.

Nilipofika hapa nilirudi nyuma nikahesabu. Koufax alikosea miaka sita kwenye timu kubwa na hawakuweza kumshusha mwanzoni kwa sababu ya sheria ambayo hata yeye ilimkera. Dalkowski alikosea miaka mitano huko chini, akanyooka mwaka mmoja, na kiwiko hakikusubiri. Ushauri ule ule, ila mmoja aliupata akiwa na miaka sita mbele yake. Sijui kama ni haki na sidhani kama kuna wa kumlalamikia.

Baada ya hapo alivuna matunda na pamba mashambani California, na pombe ikamshika sana. Mwaka 1994 familia ikamrudisha New Britain, akaishi kwenye nyumba ya kutunza wazee, kumbukumbu zikiwa zimepungua.

Mwaka 2003 Orioles walimkaribisha uwanjani kwao Baltimore kurusha mpira wa kufungua mechi. Alikuwa na miaka 64. Mpira mmoja tu, kwenye mji wa timu ambayo jezi yake alipimwa na hakuivaa. Alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 80, wimbi la kwanza la korona.