Wageni wa kujitolea wakifika kijijini: mapokezi yafanywe vipi?

Kijiji kinapopokea watu waliokuja kujitolea, ngoma na vigelegele ndivyo vinavyokumbukwa. Lakini jambo kubwa hufanyika ofisini na mkutanoni. Tunaeleza hapa utaratibu wake kwa wasikilizaji wetu wa Ruhembe na vijiji vingine vya Kilosa na Mikumi.

Desturi hii ina umri gani?

Marekani ilianzisha Peace Corps Machi 1961. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wake, mwaka huo huo, kabla hata ya Uhuru. Wa kwanza walikuwa wapimaji, wahandisi na wataalamu wa miamba, waliokuja kusaidia kazi za barabara. Baadaye walikuja walimu, watu wa afya na wa kilimo. Japani nayo huleta watu wa kujitolea, na vijana wa Kitanzania pia hujitolea.

Mgeni aanzie wapi?

Mgeni huanzia halmashauri ya wilaya, hupita kata, ndipo afike kwa mtendaji wa kijiji na barua ya utambulisho. Hapo husaini kitabu cha wageni. Raia wa kigeni anayekuja kuishi na kujitolea kwa kawaida huwa na kibali cha ukaazi daraja C.

Baadaye atambulishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Msimu wa kukata miwa, upangwe saa ambayo watu wametoka shambani.

Wanakijiji waulize nini?

1. Atakaa muda gani?
2. Atafanya kazi gani, na nani aliiomba?
3. Kijiji kitachangia nini: nyumba, matofali au nguvu kazi?
4. Tatizo likitokea, hasa linalomhusu mtoto, tulipeleke kwa nani?
5. Nani wa hapa atafanya naye kazi?

Swali la tano lisirukwe. Machi 2020, Korona ilipoenea, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani kwa muda mfupi. Mgeni aliyekuwa akifanya kazi peke yake aliondoka na ujuzi wake.

Na zawadi je?

Khanga, kuku au sinia la wali ni heshima, si deni. Michango ikikusanywa, itolewe stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe mkutanoni.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza Ujamaa. Basi kabla mkutano haujafungwa, hakikisheni jina la mwenyeji atakayeshika jembe pamoja na mgeni limeandikwa kwenye muhtasari.