Jinsi Jeraha la Kichwa Lilivyopata Kipimo

Maandishi ya kale zaidi yanayojulikana kuhusu majeraha ya kichwa yamo katika mafunjo ya Misri ambayo Mmarekani Edwin Smith aliyanunua Luxor mwaka 1862. Yaliandikwa miaka ipatayo 1,600 kabla ya Kristo. Yanaeleza majeruhi 48, na zaidi ya nusu yao wameumia kichwani. Kila maelezo hutoa uamuzi mmoja kati ya mitatu: jeraha hili nitalitibu, jeraha hili nitapambana nalo, au jeraha hili halitibiki. Kwa karne nyingi zilizofuata, matabibu hawakuwa na njia iliyo bora sana kuliko hiyo. Kila mmoja aliamua kwa jicho lake na uzoefu wake.

Upasuaji wenyewe haukuwa mgeni. Miongoni mwa Abagusii wa magharibi mwa Kenya, mafundi wa kukwangua fuvu walikuwa wakitibu watu walioandamwa na maumivu ya kichwa baada ya kupigwa au kuanguka, na madaktari wa zama za ukoloni waliandika habari zao katika miaka ya 1950. Ufundi huo ulirithishwa kwa kutazama na kutenda. Wagonjwa wangapi walipona na wangapi walikufa ni hesabu ambayo haikuwekwa, na hospitali za Ulaya nazo zilichelewa sana kuiweka.

Aliyeanza kuhesabu kwa dhati ni mpasuaji wa Marekani Harvey Cushing. Mwaka 1917, kwenye uwanja wa vita huko Ubelgiji, alifuata utaratibu mmoja kwa askari waliopenywa na vyuma kichwani: kusafisha jeraha lote, kufyonza vipande vya mfupa na tishu iliyokufa, kisha kulifunga kabisa. Katika miezi mitatu, vifo kati ya wagonjwa wake vilishuka kutoka asilimia 54 hadi 29.

Mwanafunzi wake, Hugh Cairns wa Australia, alielekeza hesabu hiyo kwenye kinga. Mei 1935 alikuwa miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata umaarufu katika vita vya Uarabuni, baada ya kuanguka na pikipiki. Lawrence hakuwa na kofia ngumu, na alikufa siku ya sita bila kurudiwa na fahamu. Mwaka 1941 Cairns alichapisha uchunguzi wa ajali za pikipiki uliotetea kofia hiyo, na mwishoni mwa mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha matarishi wake wa pikipiki kuivaa. Raia wa kawaida hawakulazimishwa mpaka 1973, yaani miaka 32 baadaye. Wanaopigania kofia kwa abiria wa bodaboda leo wataitambua subira hiyo.

Hata hivyo, bado palikosekana lugha ya pamoja. Kufikia miaka ya 1960, daktari mmoja angeandika kwamba mgonjwa “amezimia nusu”, mwenzake wa zamu ya usiku akaandika “amelegea”, na asubuhi pasiwe na mtu wa kusema kama hali imeboreka au imezorota. Kasoro hiyo iligharimu maisha. Damu inayovilia taratibu ndani ya fuvu huanza kumshusha mgonjwa kidogokidogo, na mteremko huo ndio unaopaswa kuonekana mapema. Mwaka 1975 watafiti wa Glasgow, Uskoti, walichapisha habari za wagonjwa waliokuwa wakizungumza baada ya kuumia, kisha wakafa. Mtu anayeweza kusema hajaharibika ubongo wote tangu mwanzo, na wengi wa hao walikuwa na damu iliyovilia ambayo ingeweza kuondolewa.

Jawabu lilikuwa limekwisha kutoka mji huohuo. Julai 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett walichapisha katika jarida la Lancet kipimo kinachoitwa kwa jina la mji wao. Hakihitaji chombo chochote. Muuguzi huangalia mambo matatu: mgonjwa anafumbua macho kwa kichocheo gani, anajibu nini akiulizwa jina lake na mahali alipo, na viungo vyake vinasogea vipi akiamriwa au akiumizwa kidogo. Katika sura yake ya sasa, macho hupewa alama 1 hadi 4, maneno 1 hadi 5, na mwendo wa viungo 1 hadi 6. Jumla ya juu ni 15. Ya chini ni 3, na hata maiti huipata. Mwenye 8 au pungufu huhesabiwa kuwa na jeraha kali, 9 hadi 12 la wastani, 13 hadi 15 jepesi. Kipimo kina mipaka: aliyewekewa mpira wa kupumulia hawezi kujibu, na mlevi hupoteza alama zisizotokana na jeraha. Nguvu yake iko katika kurudiwa kila baada ya muda na kuandikwa kwenye chati, hata na muuguzi asiye bingwa.

Wakati huohuo ilikuja mashine. Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mtambo wa CT uliobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa amefanya hesabu za msingi wa kazi hiyo. Eksirei ya kawaida ilionyesha mfupa uliovunjika. CT ilionyesha damu yenyewe, mahali ilipo na ukubwa wake.

Lakini kuona hakutoshi kujua kinachoponya, na hapa ndipo utafiti ulipotoa somo chungu. Kwa zaidi ya miaka thelathini madaktari waliwapa majeruhi dawa za steroidi wakiamini zinapunguza uvimbe wa ubongo. Majaribio yaliyokuwepo yalikuwa madogo mno kuthibitisha lolote. Jaribio la CRASH, lililoongozwa kutoka London, liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 10,008 katika nchi 49. Nusu walipewa steroidi, nusu dawa bandia. Lilikusudiwa kufikia 20,000 lakini likasitishwa mwaka 2004, kwa sababu katika wiki mbili walikuwa wamekufa asilimia 21.1 ya waliopewa dawa, dhidi ya 17.9 ya wenzao. Tofauti hiyo ni kifo kimoja cha ziada kwa kila wagonjwa 31 hivi, idadi ambayo daktari mmoja wodini asingeweza kuitambua maisha yake yote.

Vifaa vya gharama navyo vilifikishwa mizanini. Mwaka 2012 yalitoka matokeo kutoka Bolivia na Ecuador, ambako wagonjwa 324 wenye majeraha makali walilinganishwa: wengine walitibiwa kwa kufuata kipimo cha shinikizo kilichopenyezwa ndani ya fuvu, wengine kwa CT na uchunguzi wa kitandani. Matokeo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana, na mjadala kuhusu kifaa hicho haujaisha.

Jaribio la CRASH-3, lililochapishwa 2019, liligeukia asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu isivuje ambayo Utako Okamoto na mumewe walikuwa wameigundua Japani. Katika wagonjwa 12,737 wa nchi 29, vifo vya jeraha la kichwa vilipungua kwa wenye majeraha mepesi na ya wastani waliotibiwa ndani ya saa tatu. Kwa wenye majeraha makali, faida haikuonekana wazi. Makundi hayo yalitenganishwa kwa alama zilezile za Glasgow.